Marahaba ya Baba

Ghala la Mkonge,
Kikoneni.
Jumamosi.

Kaka yangu mpendwa Nzioka,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Syovata. Natumaini wewe, wifi yangu Kavita na watoto hamjambo huko Makueni, na kwamba mvua imewakumbuka. Mimi ni mzima, ila koo limeungua na sauti imekuwa nzito. Barua hii anaitoa Mwanaima, jirani yetu, yule aliyekuwa akikukimbiza na ufagio ulipoiba madafu yake. Walinzi wanamruhusu kutuletea maji ya watoto, na ameahidi kuifikisha Ukunda ipande basi la leo. Ningekupigia kwa simu yake, lakini ningelia, na humu ndani kulia kumekatazwa.

Ameniambia unapiga kila siku ukitaka kuongea na baba, na kwamba usipomsikia utauliza kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Tafadhali kaka, usiulize. Soma kwanza mpaka mwisho.

Jumatatu kampuni ilileta tingatinga. Inadai imenunua haki ya shamba lote kutoka kwa wajukuu wa yule Mzungu wa mkonge, na kwamba hati ambayo baba alipewa na serikali haina maana. Nyumba yangu ilianguka na jiko likiwa bado na moto. Baba akatuambia sote tuingie ghalani. Unalikumbuka: Mzungu alilijenga wakati wa vita vya ardhi ili wenyeji wasimfikie, kuta nene na madirisha membamba ya kupitishia bunduki. Nilimwambia baba kwamba hatimaye tumekuwa Wazungu, akanikemea, kisha nikamwona akitabasamu.

Wakili anasema kesi itasikilizwa Kwale keshokutwa. Tukiwa bado tumo kwenye ardhi, hakimu anaweza kuizuia kampuni. Tukitolewa kabla ya hapo, tutadai tukiwa barabarani, na nani atatusikiliza?

Kiongozi wa walinzi wa kampuni ni Mwero, kijana wa huku huku, na adabu haijamtoka. Kila asubuhi, kabla ya kututishia, husimama uwanjani akapaza sauti kumwamkia mzee shikamoo. Baba hujitokeza dirishani na kofia yake, akaitikia marahaba, kisha akainua upinde ili uonekane. Walinzi wanamwogopa kweli. Wamesikia kwamba mishale ya Wakamba ina sumu, na baba hakuona sababu ya kuwaambia kwamba yake haina.

Alhamisi mchana walishambulia. Tingatinga lilisukuma mlango, nasi tukausukuma kutoka ndani, kwa magunia ya mahindi na mabega, wake kwa waume. Baba alifyatua mshale ukakwama kwenye kiti, karibu na sikio la dereva. Dereva aliruka akakimbia, injini ikabaki inanguruma peke yake. Tulishangilia mno. Ndipo walipochoma matairi upande wa upepo, na moshi ukajaa ghala. Tuliwalaza watoto chini, tukawafunika nyuso kwa leso zilizoloweshwa maji.

Kaka, kaa kitako. Kifua cha baba hakikuweza moshi ule. Nilimkuta ameegemea ukuta chini ya dirisha, upinde mkononi, amekwisha kwenda.

Nilitaka kupiga yowe. Wenzangu wakaniziba mdomo, kwa sababu Mwero akijua mwenye upinde hayupo, mlango hautamaliza siku. Tuliimba nyimbo za kanisa badala ya kulia. Mwanaima alituletea shuka jeupe alilolivaa ndani ya buibui, tukamzika baba humu humu, kwenye sakafu ya udongo. Najua wewe mzaliwa wa kwanza ndiye ulipaswa kutupa udongo kabla yetu. Nimekuwekea wako kwenye sufuria, na kaburi hatujalisawazisha. Nisamehe, hatukuwa na njia nyingine.

Jana asubuhi Mwero akaamkia. Akarudia. Nikavaa kofia ya baba, nikainua upinde, nikaitikia marahaba kwa koo hili lililoungua. Akauliza mzee ameamkaje. Nikamwambia nimeamka salama. Leo pia nimeitikia.

Sasa naogopa kupona. Mwanaima ameniletea asali ya koo, nimewapa watoto. Jioni nawasha kipande cha tairi pembeni, nikavuta moshi wake, ule ule uliomuua baba, ili sauti isirudi kabla ya Jumatatu.

Basi usitangaze kifo redioni, usimwambie mtu wa ukoo, na ukilia lia ndani. Msalimie sana wifi, na watoto wabusu kwa ajili yangu. Wakikuuliza babu yao hajambo, waambie bado anaitikia salamu.

Ni mimi mdogo wako,
Syovata Muange.