Upande wa Kushoto wa Ukuta

Kisangani

Yaya wangu Henriette, dada yangu mkubwa,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata tantine, shangazi yetu ninayeishi kwake. Sikuacha shule kwa sababu ya vita kama nilivyosema. Niliacha kwa sababu upande wa kushoto wa vitu umenipotea. Siku tulipokimbia risasi pale mto Tshopo nilianguka, kichwa kikagonga ukingo wa daraja. Kidonda kimepona, nywele zimekifunika. Lakini nikisoma, maneno ya mwanzo wa mstari siyaoni, na macho yangu ni mazima. Mwalimu alisema ni uvivu. Niliona haya kumbishia.

Sasa nikusalimu. Mko wazima huko Banalia? Mtoto ameanza kutembea? Sisi tunakula, tunalala, bunduki zimenyamaza. Najua Papa ameagiza nirudi na lori lijalo kwa kuwa sina shule tena. Mimi nataka kubaki, na sababu ni hii.

Nimepata kazi kwa Mama Zaina, jirani anayechora kuta za nyumba kwa udongo mweupe na mkaa. Wakati wa vita boriti ilimwangukia kichwani, na tangu hapo majina ya watu na vitu yanamkimbia. Husema "ile, ile," akionyesha kwa kidole. Watu wanadhani ana maringo kwa kuwa hachelewi kuchora ila huchelewa kuitikia salamu.

Juzi alinipa ukuta wangu wa kwanza, kwa mjane aliyekuwa anamaliza matanga. Unajua desturi ya mtaa huu: nyumba ikitoka msibani huchorwa yote, maana sehemu iliyoachwa tupu inangoja kifo kingine. Nilichora samaki na mitego, nikarudi nyuma kutazama, nikaona nimemaliza. Mjane akatoka, akashika kiuno.

"Weye mutoto, ule upande mwingine unaachia nani? Mimi?"

"Nimemaliza, mama."

"Umemaliza? Bon, basi unipimie na sanduku la kuzikwa kabisa."

Majirani walicheka. Yeye hakucheka. Alisema nisiguse tena ukuta wake.

Mama Zaina hakunigombeza. Alinishika kidevu, akakigeuza taratibu mpaka nikaona udongo mtupu, mpana kama milango miwili. Nikalia. Aligusa kovu lake, kisha akagusa nywele zangu palepale penye langu. Alikuwa ameshajua. Akachovya kidole katika udongo mwekundu, akavuta mstari kwenye pembe ya kushoto, toka juu hadi chini.

"Ile kwanza," aliniambia. Kisha akamgeukia mjane, kwa shida: "Huyu... kesho. Iko anamaliza."

Mjane aliutazama ule mstari, akasema, "Kesho tu."

Asubuhi nilirudi. Kila nilipochovya kijiti nilitafuta ule mstari mwekundu kwanza, ndipo nikachora. Shingo iliuma, kichwa kilivuma. Jioni mjane alipitisha mkono ukutani kutoka pembe hadi pembe.

"Sasa papa wa watoto amekwenda," alisema, akimuaga marehemu mumewe.

Jirani yake mmoja, kati ya wale waliocheka, ameniomba nimchoree jiko.

Nisalimie nyanya anayekausha samaki, na tonton, mjomba wetu mwenye mtumbwi. Papa mwambie nimepata kazi ya mikono na watu wananingoja. Ya kichwa usimwambie. Atanihurumia, na kwetu anayehurumiwa hukalishwa nyuma ya nyumba. Nakuomba, yaya, ukishaisoma barua hii itie motoni, na akikuuliza niliandika nini zaidi ya kazi, mwambie nilisalimia.

Mdogo wako,
Béatrice