Mwendo wa Kundi Letu la Zege

Chumba cha kushonea,
Uani, nyumbani kwa Mama.
Jumatano asubuhi, tarehe kumi na nne.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko machimboni? Kifua chako kinaendeleaje na vumbi lile? Mama anasema ukikohoa usijifanye kijana, unywe maji ya moto ulale. Sisi hapa ni wazima kwa kusema tu, maana mmoja wetu si mzima, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Simu yako nimepiga mpaka nimechoka, haiingii. Bahati nzuri dereva wa lori lenu la mafuta anapita njia hii leo, na amekubali kukuletea barua. Akifika mwisho wa kichochoro atapiga honi, kwa hiyo naandika haraka.

Mara ya mwisho uliniuliza kama bado "tunaburuza magunia", jina lako la kuucheka muziki wetu wa polepole. Ndiyo, Mjomba, bado tunayaburuza. Lile gitaa la besi ulilompa kaka alipomaliza shule ndilo lililotufikisha hapa, kwa hiyo nusu ya lawama ni yako.

Unakumbuka wakati ule bendi zote zilikuwa zikishindana kwa kasi. Kaka kwa ukaidi wake akalegeza nyuzi mpaka zikawa zinapepea, akapiga noti moja tu na kuiacha ife yenyewe. Rafiki yake, fundi redio, akatengeneza spika za kunguruma, gitaa lake likawa linakwaruza juu ya besi. Mwalimu wa chekechea, yule mpole anayefuta watoto kamasi mchana kutwa, alipofungua mdomo ikatoka sauti ya mtu aliyezikwa. Mimi nikakalia kiti cha ngoma, kwa sababu miguu yangu imezoea pedali ya cherehani. Tukajiita Zege, maana kaka ni mwashi na mazoezi tulifanyia kwenye stoo ya saruji.

Albamu ya kwanza watu waliilalamikia wakidhani redio zao zimeisha betri. Usicheke. Ya pili ikapata wenyewe, vijana wa nguo nyeusi wasioruka wala kucheza, wanaotikisa vichwa polepole wakiwa wamefumba macho. Ya tatu ina nyimbo mbili tu, mmoja wa kiwanda kilichofungwa na mwingine wa mvua juu ya makaburi. Gazeti likaandika kwamba kila albamu yetu ni nzito kuliko iliyotangulia kwa sababu tumekomaa. Nikalibandika ukutani, nikajivuna wiki nzima.

Sasa kuna jambo ambalo hatukuwahi kukuambia. Sisi hatuhesabu kabla ya kuanza wimbo kama wanavyofanya wenzetu. Tangu siku za stoo, kaka huweka vidole viwili shingoni mwake, chini ya taya, akatikisa kichwa kwa kufuata mapigo ya moyo wake, nami nafuata kichwa chake. Huo ndio mwendo wetu, hatuna mwingine. Tuliuonea fahari. Tukasema wengine wanatumia mashine, sisi tunatumia mtu.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini nyimbo zinazidi kwenda pole mwaka hadi mwaka.

Onyesho la mwezi uliopita ndilo lililonishtua. Katikati ya wimbo wa mvua, nafasi kati ya pigo na pigo ilirefuka mpaka nikasikia taa za ukumbi zikivuma. Tulipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Watu wote walisimama kimya, kila mmoja kabandika kiganja kifuani, na mlinzi wa mlangoni alikuwa amekaa chini sakafuni. Mkata tiketi akanifuata nje akaniambia, "Dada, moyo wangu ulikuwa unawangoja nyinyi. Wimbo ule msiurudie tena." Nilicheka kwa adabu, lakini nywele zilinisimama.

Kesho yake nikamkokota kaka hospitali. Daktari akasikiliza, akabadilisha chombo, akasikiliza tena. Akasema moyo unachelewa na utazidi kuchelewa, inabidi awekewe kifaa kidogo kifuani cha kuukumbusha upige. Wala si upasuaji mkubwa. Kaka akavaa shati lake akatoka.

"Hicho kifaa kitanipangia mwendo," akaniambia pale kwenye ngazi. "Nikiweka vidole shingoni nitasikia nini, saa ya ukutani? Hapo Zege si imekwisha?"

Nikamwita mjinga. Akanijibu kwamba mjinga huyohuyo ndiye aliyenipa ngoma.

Jumamosi tukafanya mazoezi. Kaka akaweka vidole, akafumba macho, akatikisa kichwa. Nikapiga. Nikangoja. Mwalimu alishikilia sauti mpaka pumzi ikamwishia, na kichwa cha kaka hakikushuka. Fundi redio akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze, nikapiga bila kungoja ruhusa. Kaka akafumbua macho ghafla, akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani. Nikapiga tena, vidole vyake vikashika nyuzi, na wimbo wote ukaenda kwa mwendo wangu. Alipotua gitaa alisema tu, "Umeniwahi," akaomba maji.

Leo wakati wa chai akazidiwa. Midomo ilimbadilika rangi, tukamlaza kwenye kochi humu chumbani kwangu. Nikajikuta napiga kiganja kwenye meza ya kukatia vitambaa, mwendo uleule wa Jumamosi, na rangi ikamrudia. Nikiacha, inaondoka. Usiniulize ni kitu gani, Mjomba, sijui, na naogopa sana. Mama alijaribu kunipokea, lakini kwa wasiwasi mkono wake ukakimbia, kaka akaanza kutweta, ikabidi nimwondoe. Hivi ninavyokuandikia, kalamu iko mkono wa kulia na wa kushoto uko mezani. Kaka mwenyewe ana akili zake timamu na anatutania, ila akisikia neno hospitali anageukia ukutani.

Anasema wewe ndiye uliyempa besi, na ni wewe tu unayeweza kumwambia aitue. Basi mwambie. Ukishasoma hapa, piga simu kutoka ofisini kwenu, au panda lori hilohilo uje. Mwambie akubali kifaa, Zege na ife. Unajua ninavyoipenda ngoma, lakini kaka ninaye mmoja.

Mama anakusalimu, yupo hapa anamkanda mwanawe miguu. Mwalimu na fundi redio wanakuamkia, wameenda kumbembeleza daktari aje nyumbani. Wasalimie sana binamu zangu, na yule mdogo mwambie gauni lake liko tayari. Mungu akulinde huko chini ya ardhi na akupandishe juu salama kila siku.

Honi hiyo, nimeisikia. Lori haliingii kichochoroni, na dereva hawezi kuliacha peke yake na mafuta yote yale. Miguu ya Mama unaijua, haiwezi kufika huko. Kwa hiyo kama barua hii imekufikia, ujue niliinua mkono mezani nikaenda.

Mpwa wako akupendaye daima,
Fundi cherehani wenu.