Njeru na Vipimo vya Jana

Ruguru, yule Njeru meneja wetu wa kituo cha maziwa hapa Muthara ni bure kabisa. Bure!

Amemletea Kendi wa maabara kompyuta mpya yenye Windows mpya, akajigamba mbele ya wakulima. Mashine ya kupima mafuta ya maziwa ikakataa kuongea nayo. Kendi akamwambia, "Driver ya hii mashine, ile programu ya kuiunganisha na kompyuta, ni ya zamani, Windows hii haiikubali. Rudisha ile kompyuta ya kwanza."

Na unajua iko wapi? Njeru ameshaipeleka kwake watoto wachezee gemu!

Foleni ya wakulima wanaosubiri maziwa yapimwe imefika barabarani, jua linachoma maziwa, na jitu zima linabonyeza "install" tena na tena kama kengele ya mlango. Kisha likasema, wote wakisikia: "Kendi, si uandike tu vipimo vya jana."

Vya jana, Ruguru!!

Kendi akavua koti lake jeupe. "Mimi siandiki uongo. Andika wewe."

Nyanya Ciakuthii, aliyekuwa kwenye foleni, akafunika mtungi wake. "Basi Njeru, kunywa hayo ya jana."

Akaondoka na maziwa yake, na foleni yote ikamfuata.