Uvimbe Ulioingiliwa

Marahaba, mjukuu wangu Rahma. Shikamoo yako imenifika huku Jambiani, sote wazima. Mama yako kalivunja banda langu la kuku eti linanuka; bado hatujapatana.

Umeniuliza kama ni kweli nilivyoambiwa hospitali, na kama naogopa. Ni kweli. Ule uvimbe wa figo waliukata, wakakuta ndani yake saratani ya titi niliyotibiwa zamani. Imehama, ikaingia ndani ya uvimbe mwengine. Daktari kasema hutokea kwa nadra sana. Shangazi yako alilia, akasema nimekwisha. Nikamwambia anyamaze.

Nilipokuwa mke mpya, mwani wangu niliopanda baharini ulioteana na majani mageni kama manyoya. Kwetu fungu la mwani likiharibika hung'olewa, likatupwa pwani. Mama mkwe, Bi Mize, alinishika mkono. "Ngoja kwanza, mwanangu, tujue tumeshika nini."

Akakaa majini, akalichambua fungu mapajani. Juu manyoya, ndani ya manyoya yameota majani mengine, ya rangi nyengine. Chini kabisa, mwani mzima. Akavunja ncha yake nzima, akanipa niifunge upya kwenye kamba, maana mwani hatuupandi kwa mbegu, huota upya kwa ncha.

Madaktari nao wamechambua, wakajua. Dawa nitakayopewa ni ya saratani ya titi, si ya figo, na nnaanza Jumatatu. Usikatize masomo kuja kunililia. Likizo njoo na nguo za kuingilia majini, tukafunge mwani. Ncha nzima bado nnayo.

Bibi yako