Siku Masikio ya Chacha Yalipoziba

Jumatano. Mvua tangu alfajiri.

Ulikuwa wapi wewe, msomaji wangu? Msimu mzima wa mahindi umepita hujafungua ukurasa huu, halafu leo unachungulia kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Haya, kaa. Mimi sikusoma hata darasa moja, kwa hiyo maneno ni yangu, kuandika ni kwa Gati, kitukuu wangu. Yuko kitandani kwangu chini ya blanketi zote za nyumba hii. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mvua ikija hapa Gorong'a, mifupa yake inajua kabla ya mabati.

Leo namkumbuka Mwita, mtoto wangu wa kwanza.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, jina la selimundu hatukuwa nalo. Tulisema ugonjwa wa mifupa, basi. Mwita alikuwa na macho ya njano, miguu myembamba, na mdomo wa kuchekesha kuliko wajomba zake wote. Siku moja alinyeshewa akichunga ndama. Magoti yakavimba, akawa hawezi hata kuguswa na shuka. Nikamkanda kwa maji ya moto, wapi. Asubuhi mume wangu, Chacha, akambeba mgongoni mpaka zahanati ya misheni, mimi nyuma nimeishika miguu ile isining'inie.

Sista wa pale alikuwa mzungu mwema. Lakini dawa kali ya maumivu, mofini, aliifungia kabatini, na ufunguo ulikaa shingoni pamoja na msalaba. Serikali ilimtaka aeleze kila chupa imekwenda kwa nani. Kwa hiyo sindano ile ilikuwa ya waliokatwa panga na waliovunjika, watu ambao kilio chao kilifika kabla yao. Wengine walipewa aspirini.

Akamtazama Mwita. Mtoto amekaa kimya, jasho linamtiririka, uso haujikunji. Akauliza kama anaumwa sana.

Chacha akajibu kifua mbele, "Huyu ni mtoto wangu. Halii."

Ukikulia kwetu utaelewa. Mtoto wa kiume wa Kikurya anafundishwa mapema kwamba siku ya tohara kisu kitapita na hata kope isicheze, maana ukoo mzima umesimama unamtazama. Siku ya Mwita ilikuwa inakaribia. Baba yake alidhani anamsifu. Sista yeye akasikia kwamba mtoto haumwi, akachukua kopo la aspirini.

Nilitaka kumpiga mume wangu. Na nilimpenda.

Badala yake nikapiga magoti mbele ya mtoto, nikamwambia kwa Kikurya, "Mwita, lia."

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia baba yake.

Ruhusa hiyo haikuwa yangu kutoa.

Chacha alisimama pale, maji ya mvua yakimdondoka. Akaiona midomo ya mwanawe, imeumwa na meno mpaka damu. Nikafikiri sasa atambeba, tutoke, mtoto aende kuteseka nyumbani na sifa zake. Kumbe akashika masikio yake mwenyewe, akayatikisa kama mtu aliyetoka kuoga mtoni.

"Masikio yangu yameziba na mvua hii," akasema. "Sisikii kitu." Akageuka, akatazama ukuta.

Mwita akalia. Alilia maumivu ya siku ile na ya siku zote alizokuwa anatafuna shuka mimi nikidhani amelala. Sista akaliacha kopo mezani. Mkono ukaenda shingoni.

Baada ya sindano alilala mdomo wazi, mate yakidondokea mkono wa baba yake. Njiani kurudi nikamuuliza Chacha kama masikio yamezibuka. Akasema bado, na anaona yatakuwa yanaziba mara kwa mara.

Ikawa hivyo. Wingu likisimama tu, Chacha anapita mlangoni kwa Mwita akilalamikia masikio yake kwa sauti kubwa, mzee mzima, na mtoto anajua sasa anaweza kulia.

Mwita hakufika uzee. Lakini alikua, akaoa, akaniachia damu yake. Gati ni mjukuu wake.

Juzi Gati alikuwa hospitali, na ile dawa kali bado iko kabatini, bado ina ufunguo. Walimuuliza anaumwaje. Akajibu, "Siyo sana." Walimwona anacheka kwenye simu; ndiyo, alikuwa anaongea na mimi, anacheka ili asipige kelele. Wakampa vidonge vya kawaida, wakamrudisha nyumbani. Damu ni ile ile, na ubishi ni ule ule.

Asubuhi hii nimemwambia masikio yangu yameziba. Amelia mpaka mto umelowa, halafu tukaita bodaboda imfuate mama yake, warudi wote hospitali mvua ikikatika. Safari hii nakwenda nao. Mimi kope zangu zinacheza, na sauti ninayo.

Na wewe, ukirudi hapa, nitakuuliza hujambo. Usinijibu upesi. Niambie kwanza panapouma.