Nilisema Nawatambua kwa Namna Wanavyompokea Kuku

Mama Damari wa ukurasa wa ushauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba, tuendelee.

Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, naitwa Bartholomeo lakini usiliandike, nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Chimala, mke mmoja Paskalina na watoto sita, na elimu yangu ni darasa la sita, la saba niliacha kwa hiari kwa sababu mwalimu alikuwa ananiuliza mimi majibu. Hapa kila mtu ananijua. Mimi ndiye yule niliyekutana na tembo njia ya Idodi nikiwa na baiskeli mbovu, nikamsomea kwa sauti barua ya mtendaji niliyokuwa nayo mfukoni, tembo akasikiliza mpaka mwisho akaondoka, na mashahidi wapo ingawa wawili wamehama na mmoja ni marehemu. Nakueleza haya ujue kwamba mimi si mtu wa kuomba msaada ovyo. Safari hii nimekwama.

Ilianza kijiweni tunapokunywa chai mbele ya mashine yangu. Redio ilikuwa inazungumzia mashoga, watu wanabishana, huyu anasema wafungwe, yule anasema ni mambo ya kuletwa na Wazungu, Timotheo fundi wa pampu akasema kama wapo Chimala basi yeye hajawahi kumwona hata mmoja, na hapo ndipo nilipoharibu, mama, kwa sababu mimi mtu akisema hajawahi kuona kitu lazima niseme nimekiona. Nikasema, "Timotheo, wewe utamwonea wapi? Mimi nawatambua hata wakinipa mgongo." Wakacheka. Jofrey, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akaweka kikombe chini akauliza, "Unawatambuaje?" Nikawaambia nilipokuwa utingo wa lori, Tunduma mpaka Lubumbashi, mzee mmoja wa Kikongo alinifundisha dalili mbili. Ya kwanza, mwanaume wa namna hiyo hupuliza chai kabla ya kunywa. Ya pili ndiyo kubwa, ukimpa kuku hamshiki miguu, anampokea kwa mikono miwili na kumlaza kifuani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Mzee huyo wa Kikongo hayupo, mama. Na Lubumbashi sijafika, niliishia Tunduma na tumbo la kuhara.

Nilidhani wamecheka yameisha. Kesho yake asubuhi pale kijiweni wanaume kumi na wawili wakanywa chai ya moto bila hata mmoja kupuliza. Timotheo aliungua ulimi mpaka akawa anaongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Jumapili kanisani, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, ulipofika wakati wa kuku kila mzee aliyeshinda mnada alimpokea kuku wake kwa mguu mmoja, kwa vidole viwili, mkono umenyooshwa mbali kama ameshika nyoka, na kuku watatu wakaponyoka wakakimbilia kwenye majaruba ya mpunga, mpaka leo mmoja hajaonekana. Sitakuficha, niliposimama pale nikaona wazee wa kanisa wazima wanashika kuku kwa sheria yangu mimi, nilijisikia vizuri.

Jofrey ndipo akaitisha mkutano. Akasema suala hili tulimalize kwa kura za siri, kila mtu aandike jina la anayemshuku atumbukize kwenye ndoo, na mimi niwe mtaalamu. Ndoo hiyo tunaifahamu. Mwaka juzi ilitaja mwizi wa pampu ya maji, aliyetajwa akapigwa na kuchomewa nyumba, na pampu ikaja kupatikana kwa shemeji yake Jofrey. Nilitaka kusema neno, lakini watu walikuwa wananipigia makofi, sasa utasemaje neno katikati ya makofi.

Kura zikasomwa. Majina yakatoka saba pamoja na langu. Mimi! Karatasi moja, mwandiko wa kulalia upande, mimi mwenye watoto sita. Watu walicheka, Jofrey akasema, "Hiyo tunaifuta, ni utani, mtaalamu hawezi kupimwa." Mimi nilicheka pia lakini siku hiyo niliacha ugali nusu sahani na Paskalina akauliza kama naumwa. Wakabaki sita. Kuna katekista ambaye hajaoa, kuna Timotheo kwa sababu mkewe alipojifungua alionekana anapika na kufua nepi, kuna wengine watatu ambao kosa lao hata aliyeandika nadhani halijui. Na wa kwanza kwa wingi, karatasi kumi na moja, ni Crispin.

Crispin ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Veneranda aliyeolewa Idodi. Alijifunza ushonaji Mwanjelwa, nikamchukua nikampa chumba cha mbele, anashona suti mpaka watu wa Mbeya mjini wanamfuata huku. Na mama, sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu. Mwaka jana alikuwa ananipima mabega, mimi nikiwa namsimulia habari za binti mmoja wa Igurusi nimuozeshe, akasema, "Mjomba, acha kunitafutia wachumba. Mimi sitaoa mwanamke. Si kwamba sijapata, moyo wangu hauko kwa wanawake, uko kwa wanaume, na nimejaribu kuugeuza nimeshindwa." Tepu ilikuwa bado iko shingoni mwangu. Sikuelewa, na mpaka leo sijaelewa vizuri, nilimwambia tu, "Angalia bega la kushoto, hilo limekaa juu." Lakini siri ile niliitunza. Mimi siri haikai kwangu hata ikiwa yangu mwenyewe, ila ile ilikaa.

Sasa kilichonimaliza ni hiki. Siku ile kijiweni nilipotafuta dalili kichwani, haikuja nyingine. Crispin ndiye anayepokea kuku kwa mikono miwili. Mama yake anafuga, amekua anawabeba hivyo ili wasivunjike mbawa. Mimi nilimwona, nikamchukua nikamtia kwenye hadithi bila kukusudia, na kila aliyewahi kumpelekea kuku kama ahsante ya suti akakumbuka.

Baada ya kura nilimkuta anashona koti langu jeusi, lile nililomwagiza nivae siku ya utaalamu, kabla sijajua itakuwa kumpima yeye. Hakusimamisha cherehani. Akasema, "Mjomba, ile ya kuku umeitoa kwangu."

Nikasema, "Mpwa wangu, ilikuwa mazungumzo tu."

"Najua. Koti litakuwa tayari Ijumaa."

Mtihani ni Jumamosi hii saa nne, kwenye uwanja wa kuanikia mpunga. Jofrey ameshanunua kuku, jogoo mkubwa. Wote sita watapokea mbele ya watu, mimi nitatoa hukumu, na kuna vijana wameshaanza kusema watakuja na fimbo. Nilimfuata Jofrey nikamwambia nimechunguza, wote ni safi. Akanijibu, "Mtaalamu, haiwezekani. Sita wote? Basi utaalamu wako ni wa nini? Tupate japo mmoja, watu wasirudi mikono mitupu."

Nimefikiria kumtaja Timotheo. Yule ana mke, ana mdomo mkubwa, atajitetea, na nahisi mwandiko wa kulalia upande ni wake. Katekista naogopa laana. Paskalina yeye anasema, "Baba Zabron, simama useme ulidanganya, yaishe." Lakini mama, nikisema hili la kuku nilidanganya, si watauliza na la tembo? Nitabaki na nini?

Kwa hiyo naomba msaada wako, nimtaje nani ili Crispin apone? Jibu upesi. Usitaje jina langu, sema tu ni mtu maarufu mwenye mashine karibu na stendi.

Mjomba aliyekwama, Chimala

MAMA DAMARI ANAJIBU

Kamwene, mjomba. Barua yako nilikujibu kwa simu siku ileile iliponifikia. Hapa naichapa Jumamosi hiyo ikiwa imeshapita, kwa sababu ndoo za namna hiyo haziko kwenu tu. Majina yote nimebadilisha, mji si huo, na mashine si ya mpunga, kwa hiyo ndugu zangu wa Chimala msianze kuangaliana. Nilichokuambia ni hiki.

Shikamoo. Mimi ndiye mdogo, lakini leo itabidi univumilie nikuseme kama mkubwa.

Umeniuliza umtaje nani. Unaniuliza kama mtu aliyesimama zizini anachagua mbuzi wa harusi. Timotheo apigwe kwa sababu alimpikia uji mke wake aliyejifungua? Ningekuwa Chimala ningempa mkono. Na unasema atajitetea. Kwa ulimi upi, ule ulioungua kwa ajili ya hadithi yako? Hakuna wa kutaja. Futa hiyo habari kichwani kabla hujaendelea kunisikiliza.

Sasa nikuulize mimi. Karatasi moja ilikuandika jina, watu wakacheka, mwenyekiti akaifuta palepale, hata hivyo ugali ulikushinda. Moja, mjomba, na iliyofutwa. Mpwa wako anazo kumi na moja na hakuna aliyezifuta, na mtu wa pekee aliyemwamini kwa siri yake ndiye atakayesimama mbele yake na jogoo. Naye bado anakushonea koti. Mimi nisingekushonea hata kifungo.

Hapa nawageukia wasomaji. Najua wapo watakaoniandikia kwa hasira, Mama Damari unatetea mashoga. Andikeni, anwani mnayo. Huyu mjomba anasema hamwelewi mpwa wake, na mimi sijamwomba amwelewe wiki hii. Mambo ya dhambi mchungaji wake anayo madhabahu ya kuyasemea. Mimi nauliza jambo la kawaida kabisa: Crispin amemkosea nani hapo Chimala? Nitajieni mtu mmoja aliyemuumiza. Nitajieni suruali moja aliyoiharibu. Kijana anashona, anasalimia, anabeba kuku asivunjike mbawa, na watu wazima wanatafuta fimbo. Hapo mnayemtafuta ili mjione ninyi ni wema ni nani? Ndoo iliyomchomea nyumba asiyeiba pampu leo imekuwa na macho ya kuona mioyo ya watu?

Mjomba, narudi kwako. Nakusifu kwa moja tu, ulitunza siri mwaka mzima. Kwa mtu wa aina yako hiyo ni kazi kubwa kuliko tembo. Maana yake unaweza. Basi fanya hivi.

Kesho asubuhi nenda kwa mtendaji wa kata, si kwa Jofrey, umwambie kuna mkutano Jumamosi wa kuadhibu watu kwa karatasi, kuna vijana wanatayarisha fimbo, na mwaka juzi nyumba ilichomwa vivyo hivyo. Jina la Crispin usilitaje, wala habari zake za moyoni, kwa mtendaji, kwa polisi, kwa mtu yeyote. Sheria nayo si rafiki yake, kwa hiyo usiende kumwokoa kwa mdomo ukaishia kumfungisha jela. Sema kujichukulia sheria mkononi, inatosha, hilo linaeleweka ofisi zote.

Kisha wapitie wale wengine watano mmoja mmoja nyumbani kwao, uwaambie wasije Jumamosi. Ukifika kwa Timotheo, omba radhi ukiwa umesimama.

Jumamosi wewe uende. Bila koti. Simama mbele ya watu na useme maneno haya, yaandike kwenye karatasi uyasome: "Hakuna mzee wa Kikongo. Hakuna dalili ya chai wala ya kuku. Nilitunga ili mnicheke na mnisifu. Hakuna mtu nitakayempima, na atakayempiga mtu kwa maneno yangu atakuwa amempiga kwa uongo." Jofrey atakuuliza kwa nini ulimpotezea muda. Mwambie mwenye jogoo amle. Watakucheka mwaka mzima, pengine miwili, na ndiyo, watauliza na la tembo. Hilo waambie lolote unalotaka, tembo hana wa kumchomea nyumba.

Lakini yote hayo ni baada ya hili, na hili ulifanye leo kabla jua halijazama. Ingia chumba cha mbele umwambie mpwa wako, "Nimekosa, nimekuweka hatarini." Usieleze ilivyokuwa, usiseme ilikuwa mazungumzo, usimsimulie mtu mwingine aliyewahi kukosea zaidi yako. Muulize anataka kwenda wapi akae mpaka upepo upite, kwa maana ni yeye anayejua wapi ana usalama, na popote atakapopataja usipataje tena, hata kwangu. Apande basi la kwanza kesho asubuhi kabla hujaenda kwa mtendaji. Na kichwa cha cherehani mbebee wewe mwenyewe begani, kutoka nyumbani mpaka stendi, usimwachie bodaboda. Ni chuma kizito kile. Utafika huna pumzi ya kusimulia chochote, na kijana atasafiri kwa amani.