Mkono wa Simanzi

Jumatatu, 3 Machi
Baba amenikabidhi sanduku la filamu zake za zamani! Miaka kumi naliomba, leo kalisukuma kwa mguu tu: haya, chapisha. Maonyesho ya picha zake ni Jumamosi, ukumbi wa maktaba. Macho yake hayamruhusu tena kuchapisha kwenye chumba cha giza, kwa hiyo anakaa nje na kunitolea amri mlangoni, utadhani si yeye aliyenifundisha kazi. Lakini negativu hizi — jamani! Malkia wa jazi akivua viatu nyuma ya jukwaa. Mpiga ngoma wa bendi ya roki kalala fofofo, shavu juu ya ngoma. Nimechapisha saba, naimba peke yangu kwenye taa nyekundu.

Jumanne, 4 Machi
Kumi na moja. Mikono inanuka dawa. Raha tupu.

Jumatano, 5 Machi
Leo zamu ya Simanzi, mfalme wa bluzi. Picha iliyompa baba jina: jalada la santuri, mabango, mpaka fulana. Simanzi akipiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Alifariki mwaka uleule, wengi wetu tunamjua kwa picha hiyo tu. Nikaweka negativu kwenye mashine, upande usiong'aa chini, kama nilivyofundishwa. Picha ikatokea: anapiga kwa mkono wa kulia! Nikatazama namba za pembeni mwa filamu: zinasomeka sawasawa. Basi ni baba. Miaka arobaini iliyopita aliiweka kinyume, na dunia nzima ikamwamini.
Baba akauliza mlangoni, mbona kimya? Nikasema karatasi imeisha. Uongo mtupu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia kaka. Maskini, yeye alijifunza gitaa kwa kushoto makusudi ili amwige Simanzi — na hata mswaki anashika kwa kulia! Akaangalia vidole vyake. Kisha tukacheka mpaka nikashika ukuta. Baadaye akasema funika kombe mwanaharamu apite, mzee asiaibike uzeeni. Sawa. Lakini anayefungua maonyesho ni mjane wa Simanzi mwenyewe. Atasimama mbele ya picha hiyo, baba pembeni yake, watu wamejaa. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechapisha Simanzi zote mbili, ya kushoto na ya kulia. Nimetundika iliyo sahihi. Baba sijamwambia. Mwoga mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nimekaa kwenye ngazi za maktaba, watu bado wamo ndani. Baba alimwongoza mjane moja kwa moja hadi kwa Simanzi. Baba akatoa lenzi yake ya kukuzia, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.
"Umeigeuza," akaniambia.
Nikajibu hapana baba, nimeirudisha.
Mjane akamshika baba kiwiko. "Ndiye huyu, shemeji. Yule mwingine nilimzoea tu."
"Ulijua?" baba akamuuliza.
"Tangu santuri ilipotoka."
"Mbona hukusema?"
"Ningeanzia wapi? Ulikuwa unazunguka nayo kwapani mtaa mzima!"
Nilidhani atawaka. Mara midomo ikaanza kumcheza kwa kicheko. Akamkabidhi mjane ile lenzi, akamvuta hadi picha iliyofuata. Wamekwishamaliza ukuta mmoja. Sauti yake naisikia mpaka huku nje: "Na huyu je, shemeji, naye nilimgeuza? Sema kweli. Na huyu?"